Ninyoe Kama Yule: Mtu Maarufu Afuatwe kwa Kipimo Gani?

Kwenye vibanda vya vinyozi hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, kuna picha za wachezaji na wasanii zimebandikwa ukutani, nyingine zimepigwa jua mpaka sura hazitambuliki. Kijana anaingia, anaketi, ananyoosha kidole: "Ninyoe kama yule." Kinyozi hamuulizi kama anataka na gari la yule, au ndoa yake, au maneno aliyoyasema jana mtandaoni. Anauliza pembeni apige namba ngapi na juu abakize kiasi gani. Kisha anatazama kichwa kilicho mbele yake, na kama nywele haziukubali mtindo ule anasema wazi: "Huu kwako hautakaa, tufanye hivi."

Hivyo ndivyo mtu maarufu anavyopaswa kufuatwa. Unachukua kitu kimoja kinachoonekana na chenye kipimo, na karibu yako yuko fundi anayeweza kukuambia kama kitakufaa. Swali la kama mastaa wawe mifano ya kuigwa huulizwa redioni, vijiweni, makanisani na misikitini, na mara nyingi hujibiwa ndiyo au hapana kana kwamba msanii ni gunia la mpunga: ulibebe lote au uliache lote. Mimi nasema mtu asifuatwe mzimamzima, hata awe mwema namna gani. Kifuatwe kitendo, tena kitendo ambacho gharama yake inajulikana.

Umaarufu si mgeni Kanda ya Ziwa. Ngoma za mashindano za Wasukuma, kati ya Bagika na Bagalu, zilikuwa na kipimo cha wazi: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi ndio unaoshinda. Watu walipiga kura kwa miguu yao. Mashindano hayo bado yapo Bujora, Kisesa, msimu wa Bulabo unaoanza Juni sambamba na sikukuu ya Ekaristi. Ningi, yaani mtunzi na mwimbishaji wa kundi, alikuwa staa kamili mwenye wafuasi, mwenye wapinzani, na mwenye nyimbo zilizobebwa hadi vijiji asivyowahi kufika. Ng'wanamalundi, ambaye jina lake ni Igulu mwana wa Bugomola, alivuma Usukuma nzima kwa ngoma na kwa maajabu yaliyosimuliwa juu yake. Alifariki mwaka 1936, na wazee bado wanamtaja kama mtu aliyepita hapa juzi.

Lakini ngoma ilikuwa na msimu wake, baada ya mavuno. Mvua zikianza, mchezaji alishika jembe kama jirani yake, na bugobogobo yenyewe, ngoma ya majembe, ilizaliwa kwenye vikundi vya kulima. Aliyemshangilia Juni alimwona tena Desemba akiwa shambani. Alijua kama palizi imefanyika au magugu yamemshinda, kama anawalipa waliomsaidia, kama watoto wake wanakula. Mshabiki alikuwa na vyanzo viwili vya habari juu ya mtu mmoja, na cha pili hakikuwa mikononi mwa staa.

Leo kimebaki chanzo kimoja, na mwenye funguo zake ni staa mwenyewe na meneja wake. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya watazamaji wa televisheni wanaojisikia kumfahamu mtangazaji kama rafiki, ilhali mtangazaji hajui hata kama wapo. Simu ya mkononi imeuongezea ukaribu huo nguvu mara nyingi, kwa sababu staa anakuonyesha kitanda chake, chai yake ya asubuhi na machozi yake. Unaona mengi, na yote yamechaguliwa.

Hapa inafaa kujua ukurasa wa staa unavyofanya kazi, maana watoto wetu wanausoma kama shajara ya mtu. Kuna kiki: ugomvi, penzi jipya au tangazo la kuachana linalotupwa ili watu wazungumze. Kuna chawa, watu wanaolipwa kwa fedha au kwa ukaribu ili wasifie. Kuna gari la kukodi, nyumba iliyoazimwa kwa ajili ya video, nguo za duka linalotaka kutangazwa. Kuzitambua hizi hakuhitaji utaalamu mkubwa. Andika tarehe ya ugomvi, halafu tazama kama ndani ya wiki mbili kuna wimbo, filamu au bidhaa iliyotoka. Fanya hivyo kwa matukio matano ya staa mmoja, ukiwa na mwanao pembeni, na aandike yeye mwenyewe. Baada ya tukio la tatu au la nne, kijana huanza kubashiri bila kuambiwa.

Wapo mastaa wanaosema hawakuomba kuwa mfano wa mtu yeyote. Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa zaidi ni mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Charles Barkley, katika tangazo la mwaka 1993: kwamba yeye si mfano wa kuigwa, na kazi ya kulea ni ya wazazi. Upande wa wazazi alikuwa sahihi. Ila lile lilikuwa tangazo la viatu. Kampuni ilimlipa kwa sababu ilijua vijana watavaa anachovaa yeye. Anayelipwa kwa sababu anafuatwa hawezi kugeuka akawakana wanaomfuata, na hoja hii inamhusu pia kila msanii wetu anayepokea fedha za kutangaza soda, laini ya simu au kampuni ya kubeti.

Je, serikali iwalazimishe wawe na adabu? BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ina mamlaka hayo, na jiji hili liliona yakitumika. Desemba 2018 baraza liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya maonyesho baada ya kuimba jukwaani hapa Mwanza wimbo ambao tayari ulikuwa umepigwa marufuku. Januari 2019 wakafunguliwa. Sina ugomvi na baraza kulinda masikio ya watoto. Lakini kufunga jukwaa ni kazi moja na kumfundisha mtoto namna ya kuchagua cha kuiga ni kazi nyingine, na hii ya pili haina ofisi inayoifanya kwa niaba ya mzazi.

Madhara makubwa ya kumfuata staa mzimamzima, kwa maoni yangu, hayako kwenye mavazi ambayo watu wazima hulalamikia kila siku. Yako kwenye imani inayohama. Mtu anaimba vizuri, basi tunaamini anajua ngozi. Anafunga magoli, basi tunaamini anajua mikopo. Sifa ya kazi moja inamwagika kwenye mambo ambayo hajawahi kuyasomea, na wenye bidhaa wanaijua njia hiyo vizuri.

Chukua krimu za kung'arisha ngozi. Msichana wa Buzuruga anaona uso wa msanii umebadilika rangi na chupa iko mkononi mwake. Kinachofanya kazi ndani ya chupa za namna hiyo mara nyingi ni haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo nchini vimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yenye kuelekea bluu, hasa mashavuni, yaani kinyume kabisa cha kilichotafutwa, na mabaka hayo ni magumu kuondoka. Zebaki hupenya kwenye ngozi, ikafika kwenye figo. Picha ya staa haionyeshi figo. Hatua za kuchukua dukani ni hizi: soma orodha ya viambato kwenye boksi, na kama boksi halina orodha au maandishi yamefutwa, rudisha, kama kuna orodha, tafuta majina hayo mawili, kisha uliza kama bidhaa imesajiliwa TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Krimu iliyopimwa kutoka kwenye ndoo na kutiwa kwenye kikopo kisicho na jina isinunuliwe hata kama muuzaji ni jirani.

Kubeti nako kunahitaji hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasani. Mkeka, yaani tiketi moja inayolipa tu ukipatia mechi zote, ukiwa na mechi 10, tuseme kila mechi una nafasi ya asilimia 60 ya kupatia, ambayo ni nafasi nzuri. Zidisha 0.6 kwa yenyewe mara kumi. Unapata takribani 0.006, yaani mikeka kama 6 katika kila 1,000. Kijana anayeweka Sh500 kila siku anatoa Sh182,500 kwa mwaka. Mchezaji wa zamani aliyeweka uso wake kwenye bango halisemi hilo, na wala hakulipwa ili aliseme. Umri wa kisheria ni miaka 18, lakini simu inayotumika mara nyingi ni ya kaka.

Kuhusu mikopo ya simu nitakuwa mfupi: tangu sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha, anayekopesha kama biashara anahitaji leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zisizo na leseni. Orodha ndiyo ya kuangalia. Uso ulioko kwenye tangazo hauna leseni ya mtu yeyote.

Kuna hitilafu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo inawaumiza wale hasa tunaotaka wainuliwe. Mwaka 1997 Penelope Lockwood na Ziva Kunda, wanasaikolojia waliofanya kazi Kanada, waliwasomesha wanafunzi wa uhasibu habari za mwenzao aliyefanikiwa kupita kiasi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitiwa moyo. Wa mwaka wa nne hawakutiwa moyo. Habari ilikuwa ileile. Wa kwanza waliona muda wa kufika huko bado upo, wa nne waliona umekwisha. Mwalimu anayemleta msemaji aliyefanikiwa sana kuzungumza na kidato cha kwanza anafanya jambo la maana. Akimleta mtu huyohuyo wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne, mbele ya wanafunzi ambao hesabu zimewashinda tangu kidato cha pili, anaweza kuwavunja. Hao watafutie mtu aliyefeli, akarudia, akapata ufundi au cheti kidogo na sasa anajitegemea. Aje akiwa na nguo zake za kazi.

Na wapo vijana wanaosukumwa zaidi na hofu ya kuanguka kuliko hamu ya kupanda. Lockwood na Kunda, wakiwa na Christian Jordan, waliandika tena mwaka 2002 kwamba watu wenye mwelekeo huo huhamasishwa zaidi na mfano mbaya, yaani mtu ambaye hawataki kufanana naye. Baria kijana, yaani mvuvi wa kuajiriwa mtumbwini, pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anayeogopa mgao wake wa wiki kuishia kilabuni, anasaidiwa zaidi na nahodha wa zamani aliyepoteza kila kitu kuliko na picha ya tajiri mwenye mitumbwi kumi. Kwa hiyo kabla ya kumtafutia mtoto mfano, mtazame yeye kwanza: anakimbilia kitu au anakikimbia?

Nisije nikaeleweka kwamba watu maarufu hawana cha kutupa. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Katika ziwa hili ugonjwa ulikuwa umeshaingia kila mwalo. Tanzania ilikuwa imetambua wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1983 mkoani Kagera, na bado watu walizikwa kwa kisingizio cha malaria au kurogwa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa mtu wa kawaida. Lutaaya alizunguka shuleni na makanisani akiwa anakonda mbele ya macho ya watu, akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 38. Alisema jambo alilolijua kwa mwili wake, hakuwa na cha kuuza kwa kulisema, na lilimgharimu. Hayo matatu nayachukua kama ungo wa kupepetea maneno ya staa yeyote: analijua? anauza nini? linamgharimu nini? Ukiona jibu la katikati ni refu kuliko mengine mawili, endelea na kazi zako.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Video ya mita zile za mwisho ilizunguka nchi nzima, na ni halali yake. Lakini anayetaka kuiga aitazame ngazi iliyo nyuma ya video: nafasi ya 5 Rio 2016, shaba London 2017, nafasi ya 7 kwenye Olimpiki ya Tokyo, ya 17 Paris 2024, ya 2 Boston Aprili 2025, kisha dhahabu. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane, na ndani yake kuna ile 17 ambayo hakuna aliyeiposti. Ukanda wetu wenyewe una Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, aliyeleta fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980 kisha akashinda Berlin Marathon 1987 na 1988. Watoto wengi wa Musoma wanajua majina ya wachezaji wa Uingereza na la kwake hawalijui. Hilo linauma.

Sasa namna ya kufanya. Albert Bandura, aliyeandika nadharia yake ya kujifunza kwa kuiga mwaka 1977, alitaja mambo manne: kukiangalia kitendo, kukikumbuka, kuwa na uwezo wa kukitenda, na kuwa na sababu ya kukitenda. Video ya staa inakupa la kwanza na la nne kwa wingi, haikupi la pili wala la tatu. Ndiyo maana watoto uwanjani Nyamagana wanaijua namna ya kushangilia goli ya kila mchezaji kabla hawajajua kukimbia bila mpira. Kazi yote ya mzazi au mwalimu ipo kwenye hayo mawili yanayokosekana.

Anza na sentensi moja kwenye daftari: "Ninamfuata fulani kwa kitu hiki tu." Kitu hicho kiwe kitenzi kinachoweza kuhesabiwa. Anayempenda Fid Q, mtoto wa jiji hili, asiandike "nataka kuwa kama Fid Q". Aandike "nitatunga mistari 16 yenye vina kila wiki". Kwa wiki sita hiyo ni mistari 96, na mistari 96 inatosha kumwonyesha mtu yeyote kama kipaji kipo au bado. Anayempenda mwimbaji aandike dakika za mazoezi ya pumzi. Anayempenda mfanyabiashara maarufu aandike mauzo na matumizi ya kila siku, hata kama mauzo ni ya vitumbua. Wanaoshindwa hatua hii ni wale wanaoandika neno kama "kujituma" au "kujiamini", kwa sababu jioni hakuna namna ya kujua kama umefanya.

Chini ya sentensi hiyo yaandikwe majibu ya maswali matatu: nani alimfundisha, ilichukua miaka mingapi kabla hajajulikana, na nani aligharamia miaka hiyo. La tatu ndilo gumu kupatikana na ndilo lenye faida kubwa. Nyuma ya staa kuna mama aliyeuza kitu, mjomba aliyempa chumba, au lebo iliyotoa fedha kwa mkataba. Mkataba nao una bei: Harmonize alisema hadharani mwaka 2019 kwamba kujitoa kwenye lebo yake kulimtaka alipe shilingi milioni 500. Kijana anayetaka kuimba asome kipengele cha muda, cha mgawanyo na cha kuvunja mkataba kabla hajasoma kingine, na amwonyeshe mtu anayeelewa sheria kabla hajasaini. Jibu likikosekana kwenye swali lolote kati ya hayo, nafasi iachwe wazi, isijazwe kwa kubuni. Daftari lenye nafasi wazi linamkumbusha kwamba hamfahamu mtu huyu.

Pia kuna muda. Saa moja na nusu kwa siku ya kufuatilia maisha ya mastaa inafika saa 547 kwa mwaka, karibu siku 23 usiku na mchana, au zaidi ya wiki 13 za kazi ya saa 40. Sishauri kumnyang'anya kijana simu, kwa sababu atatazama kwa mwenzake na daftari litakufa. Mwombe anunue bando lake kwa fedha aliyoitafuta. Matumizi hupungua yenyewe.

Kisha atafutwe mtu wa karibu anayefanya kitendo kilekile, mahali panapofikika kwa nauli ya daladala moja. Mwimbaji wa kwaya, fundi wa studio, kocha wa timu ya mtaa, mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni na kutunza hesabu ya wateja wa mbali. Huyu ndiye kinyozi wa mwanzo wa makala haya: atakayekitazama kichwa kilichopo. Asiombwe "ushauri", maana watu wakiombwa ushauri huhutubia. Aombwe kuangaliwa akifanya kazi, mara tatu, na mara moja kati ya hizo iwe siku mbaya, mzigo umeharibika au wanakwaya hawakuja. Kijana abebe kitu, afagie, ahesabu, asikae tu.

Anayetaka kujifunza kwa nahodha wa dagaa achague siku vizuri. Wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, watu wanatoka jioni na taa, wanarudi alfajiri, kisha kuna kuanika, na mchana wanalala. Ukienda saa nane mchana utajibiwa kwa mkato. Nenda siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imevutwa nchi kavu na nyavu ziko kwenye kushonwa. Shikamoo kwanza, kisha ukae chini ushike upande mmoja wa wavu.